Gari Lililokula Oili

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako. Nitasema habari ya oili ya gari, na anayeona oili si neno la bibi aache hapa hapa, akatafute kazi nyingine. Mimi shule niliishia darasa la nne. Lakini Jumamosi moja nilisomeshwa injini uani kwangu hapa Same, nimekaa juu ya kigoda, na somo lile lilikuwa limenichelewa miaka kumi na minne.

Gari ni la marehemu mume wangu. Alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge huku tambarare, na meneja wake alipofunga virago kurudi kwao alimwachia gari lake dogo la Kijapani, rangi ya maziwa. Halikuwa kama magari mengine. Mengine yananguruma, hili lilivuma kama nyuki waliochokozwa ndani ya mzinga. Tena lilikula oili. Kila baada ya siku chache mume wangu alifunua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akaongeza oili kidogo kutoka kwenye galoni. Nikimuuliza anasema, "Mama watoto, gari hili ndivyo lilivyo."

Nami namjibu, "Hata mlevi husema ndivyo alivyo."

Jumapili moja likatutia aibu. Kwaya tumetoka kanisani, kanzu nyeupe tumezipiga pasi mpaka zinasimama zenyewe, naye mume wangu akaliwasha. Likatema moshi wa bluu, ukatupitia mstari mzima. Mwenzangu wa sauti ya pili akakohoa, kisha akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Dada, leo mmekuja na tanuru la mkaa?" Watu walicheka. Hata mchungaji aligeuza uso, mabega yanamtikisika.

Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwa fundi wa magari wa pale mjini. Gari hajaliona, maneno yangu yalimtosha. Akasema, "Mama, injini ikila oili ujue ringi za pistoni zimekwisha. Hiyo imekufa, bado kuzikwa." Nikarudi nyumbani nimeshika neno la fundi kama hukumu ya mahakama. Nikamwambia mume wangu anipe ufunguo, gari lisiwashwe tena. Akaniwekea ufunguo mkononi, hakubisha. Nikadhani kunyamaza kwake ni kukiri.

Basi akaenda kazini kwa baiskeli mpaka alipostaafu. Jioni alikuwa anapita bandani, anafuta vumbi kwenye kioo, anarudi ndani kula. Mwaka wa nne sasa tangu tumpandishe mlimani kwao, tukamzika.

Mwanangu wa mwisho, ambaye ndiye naishi naye pamoja na mkewe, alianza kuniambia tuliuze. "Mama, limekaa tu, panya wanazaa humo." Akalipiga picha akaituma huko kwenye simu. Kumbe nchi hii wapo watu wanaopenda injini za aina ile peke yake, wana kundi lao, wanatafutana kama watu wa ukoo mmoja. Wakajibu: msiliuze chuma chakavu, tunakuja kuliona.

Wakaja magari matano. Ndani yake walikuwamo watatu waliosema sana, wengine walikuwa wa kucheka na kupiga picha. Alikuwapo mzee mmoja wa Arusha mwenye kofia ya pama, kijana wa Dar aliyevaa viatu vyeupe kuja kwenye vumbi letu, na binti wa Moshi, kucha zake nyeusi kwa grisi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmekula?"

Hawakusikia swali. Walikuwa wameshafunua boneti, na kabla hata ya kugusa kitu wakaanza kugombania oili gani itiwe.

Mzee akasema, "Humu inaingia oili nzito, ile ya zamani. Hii sintetiki yenu inaacha masizi ikiungua."

"Mzee, hayo ni maneno ya enzi za kaseti," kijana wa Dar akasema. "Sintetiki ya sasa inaungua safi. Langu nalitilia hiyo mwaka wa sita."

"Na injini umeshusha mara ngapi?"

"Mara mbili."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Lakini si kwa sababu ya oili!" akapiga kelele. "Muulizeni fundi wangu!"

Binti wa Moshi akaingia kati. "Ninyi mnagombania iliyo chini, na inayoungua ni ile inayopanda juu. Changanyeni kwenye petroli ile oili ya msumeno wa kupasulia mbao, kidogo tu, kesi iishe."

"Wewe nawe na msumeno wako! Hili ni gari au mvule?" mzee akamkatiza.

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Nami kesi nimeziona. Kama ile, sijaiona. Lakini kuna neno lilikuwa limenikwama, nikapiga kigoda kwa fimbo wanyamaze.

"Ngojeni. Mnasema oili inaungua, na mmetulia?"

Binti akaja akachuchumaa mbele yangu. "Bibi, lazima iungue. Injini hii haina pistoni. Ndani kuna chuma cha pembe tatu kinazunguka, pembe zake zinakwangua ukuta, kama mwiko unavyokwangua sufuria ya ugali. Sasa mwiko bila mafuta si utakwaruza? Kwa hiyo imetengenezwa ijipe oili yenyewe, tone kwa tone, iteleze, iungue itoke."

"Na hizo ringi zilizokwisha?"

"Nani alisema ringi?"

"Injini inayokula oili haijafa?"

"Hii?" Akacheka. "Bibi, hii ikiacha kula oili ndipo tunaogopa."

Wao wakarudi kwenye ugomvi wao. Mimi nilibaki nimeshika fimbo. Nilitaka mtu mmoja tu ayasikie maneno yale, nimwambie nimekosa, na mtu huyo yuko mlimani. Miaka kumi ya baiskeli kwenye jua la Same, na gari zima lipo bandani. Alijua. Alijua yeye, fundi mitambo, akanipa ufunguo mimi ninayejua kupika makande.

Nikasema, "Liwasheni."

Mzee wa Arusha akavua kofia. "Mama, nikuambie ukweli. Miaka yote hiyo limekaa kavu. Tukiliwasha na ncha moja ya ile pembe tatu ikavunjika, basi tena. Itabaki mapambo."

"Mama, tusijaribu," mwanangu akasema. "Huyu kaka wa Dar analichukua lilivyo, hata leo."

"Nimesema liwasheni. Nataka kulisikia."

Wakaifungulia oili ya zamani chini ya injini. Ikatoka nyeusi, nzito, taratibu. Ndiyo ya mwisho aliyoitia mume wangu kwa mkono wake. Kijana wa Dar akauliza aimwage wapi. Nikamwambia oili chafu kwetu haimwagwi, inapakwa nguzo zisiliwe na mchwa, akinge debe. Nikaitazama mpaka tone la mwisho.

Wakatoa plagi, wakadondoshea oili kwenye matundu yake, wakaiacha injini inywe. Hapo ndipo walipokumbuka wana njaa. Wakala makande wote, na mzee akaomba ya pili. Baada ya kula wakaizungusha kwa spana, kwa mkono, polepole, binti ameweka sikio kama mkunga. "Inazunguka," akasema, "haijashika." Oili ya mzee ikatiwa chini, ya binti ikachanganywa kwenye petroli mpya.

"Kwa hiyo galoni langu limesafiri bure kutoka Dar?" kijana akalalamika.

"Kapakie kwenye gari lako," mzee akamwambia, "utalihitaji ukishusha mara ya tatu."

Wakafunga betri mpya. Nikatoa ufunguo. Mara ya kwanza halikuitika. Ya pili likakohoa. Ya tatu likatoa moshi wa bluu, uwanja ukafunikwa, kila mtu anakohoa na kupiga makofi, na ndani ya moshi ule mvumo ukaja. Ule ule.

Nilipojitambua nilikuwa jikoni, nimeshika sufuria kubwa, nachota maji. Zamani nikisikia mvumo ule barabarani nilikuwa natenga maji ya kuoga motoni, akifika yamepata moto. Mkono ulikumbuka kabla ya kichwa. Mkwe wangu akaniuliza, "Mama, maji ya nani hayo?"

"Ya wageni kunawa," nikasema. Nikasimama pale nimempa mgongo mpaka nilipoweza kutoka.

Jioni wakaaga. Mzee akamfundisha mwanangu: injini hii isizimwe ikiwa baridi, itajaa petroli na kesho haitawaka. Na isikae. Kukaa kunaiua kuliko safari. Kijana wa Dar akaniuliza mara ya mwisho kama nimefikiria bei. Nikamwambia aende salama, giza lisimkute njiani.

Walipokwisha kuondoka, mwanangu na mkewe walikuwa wamesimama uani wananitazama, wanasubiri niseme. Nikasema: gari haliuzwi. Kila Jumamosi litatoka hapa mpaka Ndungu, mwendo mrefu, na kurudi, na oili iongezwe kila litakapodai, mtu asilihesabie. Na wewe mwanangu, liwashe tena sasa hivi. Nisubirini nivae viatu.