Korosho Tano za Mjomba

Nicheke kwanza mimi mwenyewe, maana Mkunya nzima walishacheka na bado wanaendelea. Mimi ndiye yule mjomba aliyewanyima wakwe nyama kwenye harusi ya mpwa wake.

Tangu nilipoanguka na bodaboda Masasi nikaumia ubongo, maneno yalirudi, miguu ikarudi, hesabu hazikurudi (ukiniuliza nne na tatu ni ngapi nakutazama kama umenisalimia kwa lugha ya ugenini). Nesi wa mazoezi akanifundisha ujanja: weka korosho tano mfuko wa kulia, kila unachohesabu hamishia moja kushoto, kulia kukiisha basi zimetimia tano, anza kurudisha. Jioni zote nilifanya hivyo chumbani, peke yangu, nikihesabu mabati ya paa.

Basi dada yangu, Mama Rehema, akapiga simu: Rehema anaolewa. Kwetu mjomba ndiye husimamia sufuria ya nyama, anagawa mwenyewe kwenye masinia. Dada akasema kwa upole, "Kaka, safari hii kaa tu na wazee, atagawa mwingine." Upole ule uliniuma kuliko ajali. Miaka yote nimezurura, Songea, Tunduru, hadi ng'ambo ya Ruvuma, nikijua siku nikirudi nafasi yangu ipo. Nikamjibu, "Nagawa mimi."

Nilifika bila kula, korosho zangu za kukaanga mfukoni. Kila sinia watu watano, vipande vitano. Masinia ya kwanza yalitoka sawasawa, dada akanitazama kwa mbali akatabasamu. Laiti ningenyamaza! Lakini Saidi, rafiki yangu wa utotoni, akaja kuniuliza habari za Msumbiji, na mimi nikiguswa mambo ya zamani sina breki, nikasimulia mto, nikasimulia mitumbwi, nikasimulia na watu waliokwisha kufa, na huku nasimulia natafuna. Ndiyo. Nilikuwa natafuna hesabu.

Wakwe, ambao gari liliwaharibikia wakitoka Newala mjini, wakaingia mwisho. Nikawapakulia kwa makini: kipande kimoja, korosho moja kwenda kushoto, kulia kutupu. Zimetimia! (Niliamini mfuko kuliko macho.)

Mzee wao akafukua pilau, akafukua tena. "Jamani, huyu mbuzi wenu alikuwa na paja moja?"

Mama mmoja akafunua sufuria. Nyama tele. "Haa! Kumbe mjomba kajiwekea ya kwake!"

Kicheko kilianzia jikoni kikafika barabarani. Dada akaja, akachukua upawa mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Nikageuza mifuko nje kumwonyesha. Ikadondoka korosho moja.

"Nyingine ziko wapi, kaka?"

"Nimezila."

Akacheka mpaka akatokwa machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi hayakuisha. Mimi nikaenda kukaa na wazee.

Nesi aliposikia, akanipa korosho mbichi zenye maganda, zile ambazo ukizitia mdomoni utomvu unakubabua. Nimeapa: sihesabu tena kwa kitu kinacholika. Mdogo wake Rehema naye ana mchumba sasa, ila dada bado hajaniambia nani atashika upawa, na mimi sijathubutu kuuliza. Nafanya mazoezi tu. Jioni nikimaliza najipakulia ugali: sahani moja, kipande kimoja cha samaki. Hapo sihitaji korosho.