Mawe Ndani ya Gurudumu

Mimi ni kitindamimba. Kwetu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, na watu hulitaja jambo hilo kana kwamba umeshinda bahati nasibu. Kaka zangu waliondoka mmoja baada ya mwingine na hakuna aliyeniuliza kama nami nilikuwa na pa kwenda. Baba alipofariki nilirudi kwa mazishi. Tangu siku ile sijalala nyumba nyingine, na sasa ni miaka sita.

Watu hudhani kinachonifunga ni shamba letu la majani chai. Majani yana huruma. Usipochuma leo utachuma kesho kutwa. Kinachonifunga ni ng'ombe mmoja wa maziwa, anayekamuliwa saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni, Krismasi ikiwemo. Vidole vya mama vina baridi yabisi, haviwezi tena kukamua. Ng'ombe mwenyewe, kwa maneno ya mama, hataki mkono wa mgeni.

Baiskeli ya resi niliinunua kwa mwanafunzi wa chuo pale Kabianga, aliyekuwa akimaliza masomo na kuuza kila kitu hadi godoro. Niliinunua ili nitoke. Badala yake ikanionyesha urefu kamili wa kamba yangu. Kati ya kukamua na kukamua naweza kufika Kericho mjini na kurudi bila haraka. Kedowa naweza, kama mvua haijaanza. Bomet nilifika mara moja tu, nikarudi nimechelewa, nikakuta kiwele kimejaa hadi maziwa yanadondoka yenyewe na mama amesimama langoni. Kisumu, kule ziwani, siwezi. Kisumu ni lazima ulale, na kwa sababu hiyo hiyo ndiko nilikotaka kwenda.

Mwaka jana gurudumu la mbele lilianza kunung'unika kwenye mteremko. Nilishika rimu nikaitikisa kulia na kushoto, nikasikia kitu kikigonga kidogo, kumaanisha beringi imelegea. Nikaifungua. Golori, vile vitufe vya chuma vya ndani, zilikuwa kavu kabisa. Grisi haikuwepo nyumbani, lakini nyumba gani yenye ng'ombe hukosa jeli ya kukamulia, ile ya kupaka chuchu zisipasuke? Nilijaza jeli nikafunga. Kwa wiki nzima gurudumu lilikuwa kimya na mimi nikajiona mhandisi. Lakini huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na jeli ile ilisombwa karibu yote. Manung'uniko yakarudi mabaya zaidi.

Jioni moja nilikuwa nimeinua baiskeli uani, nimeweka vidole kwenye foki, ule uma wa chuma unaoshika gurudumu, huku nikilizungusha. Hivyo ndivyo unavyoijua beringi iliyokwisha: sikio laweza kudanganywa na upepo, lakini mtetemo hupanda kwenye chuma na kuja kidoleni. Mama alikuja akaniondoa mkono, akaweka wake. Alitulia vile vile anavyotulia anapopapasa kiwele kutafuta uvimbe. Vidole vyake havina nguvu ya kukamua lakini bado vinajua kuliko vyangu.

"Iko na mawe ndani," alisema, akaenda zake jikoni.

Fundi wa Kericho alipofungua alichovya kidole, akanusa, akaniangalia usoni.

"Brathe, hii wheel ulikuwa unaiendesha ama unaikamua?"

Aliwaita wenzake wawili waje wanuse. Nilikasirika, kisha nikacheka kwa sababu alikuwa na haki. Alinionyesha koni, zile nati zinazobana golori, zilivyoliwa, vidonda vidogo pale golori zinapopita. "Koni weka mpya, golori badilisha zote. Usichanganye na zile za zamani, zitakula hizi. Na usikaze sana. Wacha icheze kidogo tu, ukishabana kwa foki itanyooka."

Wiki hiyo hiyo kaka yangu wa Nakuru alinipigia simu. Alisema amesikia kutoka kwa mama kwamba nanuna. "Nitakuja Ijumaa. Mimi nitakamua. Wewe enda uone hiyo ziwa yako, ulale, urudi Sunday." Sikuwa nimezoea kupewa kitu nilichokitaka.

Ijumaa mchana nilifanya kila kitu nilivyoambiwa. Nilifuta bakuli za beringi hadi zikang'aa, nikapaka grisi ya kweli, nikapanga golori mpya kumi kila upande, nikakaza koni mpya kwa spana nyembamba, nikalegeza, nikakaza tena. Kazi ile ilinipa raha ambayo sijui niieleze vipi. Kaka alifika wakati naosha mikono.

Jumamosi alfajiri yeye ndiye aliyechukua ndoo. Mimi nilisimama mlangoni mwa zizi na, niseme ukweli, nilikuwa nasubiri teke. Ng'ombe aligeuza kichwa, akamnusa begani, akarudi kwenye chakula chake. Maziwa yakashuka. Alipomaliza, mama alichungulia ndani ya ndoo.

"Ni kipimo kile kile cha kila siku," alisema.

Ndoo ile ilinitia hofu. Kama mtu wa Nakuru ambaye hajakamua kwa miaka kumi na mitano anaweza kuijaza, basi mimi nilikuwa nimefungwa na nani muda wote huo? Na nikirudi Jumapili nikute kila kitu kiko sawa, nitakuwa nani hapa nyumbani?

Nilienda kwenye baiskeli. Begi lilikuwa tayari mgongoni. Niliinua upande wa mbele, nikaweka vidole kwenye foki, nikazungusha. Hakukuwa na kitu. Gurudumu lilizunguka kimya, likapunguza mwendo taratibu, hadi valvu ikatulia chini yenyewe. Nikazungusha tena, nikitafuta.

"Bado inakwaruza," nilisema. "Siwezi kushuka mlima wote ule na hii."

Kaka alitoka zizini akijifuta mikono. "Si umeitengeneza jana? Mimi nimeomba off kazini juu yako."

"Inakwaruza, nakwambia."

"Wacha nishike," mama alisema.

Alikuja na leso yake kiunoni, akaweka vidole pale nilipokuwa nimeweka vyangu. Nilizungusha kwa sababu sikuwa na la kufanya. Alitulia. Nilijua anachohisi, na ghafla nikataka anifichue. Nilitaka aseme haina kitu, enda. Angesema hivyo ningepanda na kuondoka, wallahi ningeondoka.

Gurudumu lilisimama. Mama hakuniangalia. Alimwangalia kaka.

"Ni kweli," alimwambia. "Iko na mawe ndani."

Kaka aliondoka baada ya chakula cha mchana, amenuna kidogo. Saa kumi mama aliniletea ndoo mwenyewe, ameshaiosha kwa maji moto. Niliipokea nikaingia zizini.