Doris na Wageni Waliokuja Kupima Shahada Yake

Binti yangu Doris alizaliwa hapa Kirua Vunjo, na tangu mdogo alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimpa ndizi, anataka kujua kama aliyeimenya alinawa. Hata hivyo, alipoingia chuo kikuu Moshi mjini kusomea shahada ya afya ya jamii, mimi nilipata wasiwasi. Daktari namjua, nesi namjua. Huyu atakuwa nani?

Mwaka 2003, akiwa mwaka wa mwisho, wakaja wakaguzi wa vyuo vikuu na swali kama langu. Shahada ilikuwa mpya, na kundi la Doris ndilo la kwanza. Wasiporidhika ingefungwa, na yeye na wenzake wangebaki na vyeti visivyotambuliwa na mwajiri yeyote. Wakachagua kuja kuona kazi ya Doris. Alikuwa amewafundisha wanywaji wa mbege, pombe yetu ya ndizi, kijijini kwetu waache kupokezana kata moja ya kunywea, ili wasiambukizane magonjwa ya kuhara.

"Mama, usihangaike," aliniambia. "Watakaa tu na watu."

Nilihangaika. Nilipika mbege nzuri, nikafagia kihamba, shamba letu la nyumbani, mpaka chini ya migomba. Mkaguzi mkuu, Dakta Mektrida, mama wa maneno machache, alipoketi, nikachota kata iliyojaa. Nikanywa funda la kwanza, kama mwenye nyumba anavyopaswa ili mgeni ajue hakuna sumu, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Uso wa Doris ukabadilika. Ndipo nikaelewa nilichofanya.

Jirani yetu, mzee Aristides, aliyeketi hapo na wanywaji wenzake, akapitisha fimbo yake katikati yetu.

"Rudisha hiyo, Mama Doris. Unataka kumharibia mtoto?"

"Lakini meku, mzee wangu, nisipoonja..."

"Onja na kikombe chako. Binti yako alitufundisha hapa hapa, wewe uko jikoni." Akatoa kikombe cha bati mfukoni mwa koti. Wazee wenzake nao wakatoa vyao. "Mwenye nyumba anajimiminia kwanza, sisi tunamtazama. Akianguka, tunaenda kunywa kwa jirani."

Watu wakacheka. Dakta Mektrida hakucheka.

"Doris, kwa nini hukuwakataza kuonja kabisa?"

"Wasingenisikiliza tena, Dakta. Mgeni asiyeonjewa anaona ametukanwa. Chuoni tulifundishwa kuuliza kwanza watu wanaogopa nini, ndipo tuwaambie tunachoogopa sisi."

"Ulifundishwa, au ulizaliwa hivyo?"

"Kuuliza nilizaliwa nako. Kusubiri jibu nimefundishwa."

Yule mama akamgeukia Aristides.

"Na wewe, babu, huyu akiondoka utaendelea na kikombe?"

"Nitaendelea. Siku za kata, Ebenezeri huyu hapa alikuwa anaimaliza kabla haijanifikia."

"Mwongo huyo," Ebenezeri alisema, akifuta mdomo.

Hapo Dakta Mektrida akacheka, mpaka akashika kifua.

"Mama Doris, naomba kikombe," alisema. "Masomo haya yaendelee. Nitawaambia wenzangu hivyo hivyo, na nitawaambia nimeyaona yakifanya kazi."

Nilijimiminia, nikanywa, nikammiminia. Mbege ikamwagika, ikalowesha kanga yangu, wala sikujali. Doris alikuwa ameingia jikoni kuleta vikombe zaidi. Tukamsikia huko ndani akipiga vigelegele peke yake.