Gari la Bernadine Linauzwa

Elwood Stasiak alifanya kosa ambalo hufanywa na watu waliotumia maisha yao yote kiwandani. Alilirudisha gari la mke wake jinsi lilivyotoka kiwandani.

Bernadine alifariki mwezi wa tatu, theluji ikiyeyuka. Gari lilikuwa bandani, limelala miaka mingi chini ya turubai. Oldsmobile 442 ya mwaka 1969, milango miwili, silinda nane, gia nne za mkono. Walilinunua mwaka waliooana. Baada ya mazishi mzee hakujua afanye nini na mikono yake, akaenda bandani.

Alikaa huko majira mawili ya baridi, yeye na hita ya mafuta ya taa. Akalifungua lote, nati kwa nati. Sakafu ilikuwa imeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, na Bernadine alikuwa ameliziba tundu kwa trei ya kuokea biskuti. Mzee akaikata, akachomelea bati jipya. Siti ya dereva ilikuwa imebonyea upande mmoja na kuunguzwa na sigara mara mbili. Akaitupa, akafunga mpya pande zote mbili. Kirungu cha gia kilikuwa na mikwaruzo ya pete ya ndoa. Akakipiga msasa, kikang'aa. Mtu wa kiwandani akiona kasoro anaiondoa. Ndivyo mikono yake ilivyofunzwa.

Siku aliyomaliza aliingia, akafunga mlango, akavuta pumzi. Harufu ya gundi na rangi tu. Hapo ndipo alipoelewa kwamba amelirudisha nyuma mno, mpaka siku ambayo Bernadine alikuwa hajaliingia.

Tangu hapo kila jioni alikaa nyuma ya usukani, mikono magotini, akingoja. Hakupata kitu. Miezi ikapita. Mwishowe akalitoa nje, akaliegesha kwenye majani karibu na barabara, akasimamisha ubao: LINAUZWA. LINATEMBEA.

Binti yake Marlene akapiga simu.

"Baba, umepungukiwa na hela?"

"Sijapungukiwa."

"Sasa unauza kwa nini?"

"Linachukua nafasi."

Marlene alilijua lile banda. Lingemeza magari matatu na trekta.

Alichokitaka mzee hakumwambia mtu. Alitaka, kabla gari halijaenda, amwone Bernadine ndani yake japo mara moja. Kisha liende.

Wanunuzi walikuja. Wawili walikuja na matrela yaliyofunikwa, wapate kulibeba bila tairi kugusa lami. Mmoja alimwomba aliwashe tu, akafumba macho akisikiliza mngurumo, akashukuru, akaondoka. Mzee hakuwajali sana.

Jumamosi moja akaja mama wa makamo, Roxanne Teeple, dereva wa basi la shule kule Saginaw, amevaa buti. Alikuja na kaka yake Duane, mtu anayejua kila kitu kuhusu magari na ambaye la kwake haliwaki bila kusukumwa. Duane alitoa mfukoni sumaku aliyoitia ndani ya soksi, akaanza kuipitisha kwenye bodi polepole kama daktari.

"Unatafuta nini humo?" Roxanne akauliza.

"Puti. Hawa wazee wanapaka puti kama siagi, wewe unanunua udongo ukidhani ni chuma."

"Mzee mwenyewe yuko hapa anakusikia."

"Asikie. Simsengenyi, namwambia."

Sumaku ilinasa mlangoni. Ikanasa ubavuni, ikanasa juu ya matairi, kila mahali chuma kitupu. Duane akafungua boneti, kisha mlango, akainama na tochi. Kwa muda hakusema neno.

"Mzee, umemfanya nini kaka yangu?" Roxanne akasema. "Hajanyamaza hivi tangu aachwe na mkewe."

"Njoo uone," Duane akasema. "Hata alama za chaki kazirudisha. Hizi walikuwa wanachora wakaguzi kiwandani. Watu wananunua picha za zamani wapate kuiga. Hii ya mlango umeiiga vizuri, mzee."

"Sikuiga."

"Umeiiga, bwana. Chaki mpya hii."

"Chaki mpya. Ila kule kiwandani ya milango nilikuwa nachora mimi. Miaka thelathini na moja."

Duane akaizima tochi.

"Naweza kuliendesha?" Roxanne akauliza.

"Usukani ni wa kazi hiyo."

Akampa funguo. Roxanne akaingia, akavuta siti mbele, akarekebisha kioo. Duane alikuwa ameshashika mlango wa upande wa pili, dada yake akamzuia.

"Wewe tufuate na pikapu. Hapa anakaa mwenye gari. Zunguka, mzee, panda."

Mzee akasimama pale pale.

Zunguka, panda. Kila Ijumaa saa kumi jioni Bernadine alikuwa getini pa kiwanda, ametoka kufua mashuka ya hospitali, injini inanguruma, naye habanduki kwenye usukani. "Zunguka, Stasiak. Mikono yako imekwisha kwa kazi." Naye alizunguka, akapanda. Katika miaka yote ambayo lile gari lilikuwa lao, yeye aliliendesha labda mara kumi. Na miezi yote hii alikuwa akimtafuta Bernadine huku amemkalia kiti chake.

Akazunguka, akapanda.

Upande huo ulikuwa kama alivyouacha. Si siti, siti ilikuwa mpya. Ni jinsi barabara ilivyokuja kutokea kushoto, jinsi boneti ilivyoonekana ndefu, mkono wa mwanamke unaokwenda kwenye gia na kurudi. Miguu ya mzee ikaanza kukanyaga sakafu.

"Unashika breki ya nani?" Roxanne akauliza.

"Mazoea."

"Mume wangu naye ndivyo alivyo. Siku moja nilimshusha njiani, nikamwambia akanyage vizuri sasa."

"Ulirudi kumchukua?"

"Baada ya kunywa kahawa."

Mzee akacheka, sauti ikamtoka kavu. "Kulia hapa," akasema. Mbele kidogo akasema, "Kulia tena." Nyuma Duane alipiga honi. Walishapita mahali pa kugeuzia.

"Tunaelekea wapi?"

"Lansing."

"Lansing kuna nini?"

"Palikuwa na geti."

Roxanne alimtupia jicho, akatia gia ya nne.

Kiwanda kilishabomolewa. Kulikuwa na uwanja wa majani na uzio wa waya. Mzee akamwonyesha mahali pa kusimama, naye akasimama bila kuzima. Gari likawa linatikisika kidogo kidogo, kama yanavyotikisika yale ya silinda nane yakisimama. Mzee akatazama uzio. Hakugeuka kushoto, kwa dereva. Alijua nani amekaa pale, maadamu hajageuka. Alikuwa amechoka kama Ijumaa, na aliyekaa pale alikuwa anamngoja avute mkanda ili waende nyumbani kula.

Kisha Roxanne akakohoa, na alikuwa Roxanne.

Duane alishuka kwenye pikapu, akaja dirishani. "Haya ni majaribio au ni hija?"

"Rudi garini, Duane."

Walikuwa wamefika nusu ya njia ya kurudi ndipo Roxanne akauliza, "Alikuwa anaendesha vipi?"

"Vibaya. Gia ya pili alikuwa haiachii mpaka injini ilie."

"Na wewe unasemaje?"

"Nanyamaza."

"Mume mwema."

"Nilikuwa nimechoka."

Nyumbani waliketi jikoni. Duane alitaka kupatana bei, dada yake akamtazama, akaacha. Mzee aliweka hati ya gari mezani, akatia sahihi kwa herufi kubwa kama anavyojua. Roxanne alishika kalamu, akaiacha hewani.

"Mzee, una hakika? Mimi naweza kurudi mikono mitupu. Sitakufa."

Leo mzee alikuwa amepata alichokitafuta. Angeweza kulibakiza, asubuhi akazunguka, akapanda upande ule. Lakini nani angekaa kwenye usukani alitoe bandani?

"Mimi lile siliendeshi," akasema. "Mimi abiria. Weka sahihi."

Akaweka.

"Ijumaa huwa namaliza mapema," Roxanne akasema akiwa mlangoni. "Naweza kupita hapa tukazunguka."

"Saginaw ni mbali."

"Si mbali kihivyo."

"Ni mbali," mzee akasema, na hakusema kwa hasira.

Duane alitangulia na pikapu. Roxanne akaliwasha gari, akainua mkono, akatoka. Mzee alibaki barazani, ameshika nguzo. Alisikia gia ya kwanza hadi kwenye sanduku la barua pale barabarani, kisha ya pili. Akainamisha kichwa, akangoja injini ilie.

Haikulia. Yule mama alikuwa dereva mzuri.