Kikombe cha Unga Nilichokicheka

Kosa ni langu, simsingizii shetani. Mimi ndiye niliyewaondolea wenzangu riziki yao sokoni, hapa hapa Juba.

Nilikuwa nauza unga wa muhogo kwa kikombe, kama wanawake wengi tuliorudi kutoka kambi za wakimbizi Uganda. Soko letu lina kamati inayotunga sheria: nani auze nini, akae wapi. Sisi wa unga tuna mjumbe mmoja. Desturi yetu ni kwamba anayemtaka mgombea huleta kikombe cha unga, tunasonga asida, yaani ugali wetu, tunakula naye, tunamsikiliza. Kampeni ni hiyo tu.

Wenzangu waliponiomba nisimame kugombea ujumbe, Keji, rafiki yangu tangu kambini, alikuwa wa kwanza kuleta kikombe. Nilimcheka!

"Dada, mpinzani wangu ana spika na hema. Nitamshinda kwa asida?"

"Hema linapiga kura?" akaniuliza.

Sikumsikiliza. Nikaenda kwa tajiri mmoja anayeuza unga kwa magunia. Akanipa tisheti, soda, na boda boda za kupiga honi siku tatu. Hakuomba chochote. Nikashinda, tena kwa mbali!

Miezi michache baadaye kamati ikaletewa sheria: unga usiuzwe tena chini, uuzwe dukani kwa mizani, eti kwa ajili ya usafi. Yule tajiri, ambaye wateja wetu wangehamia kwake, alikuwa amekaa pembeni. Hakuitaja ile sheria. Alitabasamu tu, akaniuliza:

"Mama mjumbe, watoto hawajambo?"

Jamani! Nikainua mkono kuikubali.

Nawaeleza taratibu ili muelewe. Pesa ya kampeni haikupi amri. Inakutia haya mbele ya aliyeitoa, kisha hiyo haya inapiga kura badala yako.

Wiki iliyofuata askari wa soko walimwaga beseni la Keji kwenye tope. Pesa ya kupanga duka angeitoa wapi? Nilimkimbilia nikilia.

"Khalas, yamekwisha, mama mjumbe," akasema, huku akikunja gunia lake.

Miaka yote alikuwa ananiita dada.

Amerudi Uganda na wanawe watatu. Nikipiga simu, hapokei. Nimeiomba kamati iifute ile sheria, wakanicheka: "Si wewe uliinua mkono?"

Wewe unayesoma, ukiombwa kusimama, usikionee haya kidogo cha watu wako. Fanya nacho kampeni, hata kama mpinzani wako ana hema. Ukishindwa, watu wako bado unao. Mimi nilishinda, na soko zima hakuna anayenisogezea kiti.