Vibua wa Mgonjwa wa Keko

Wiki iliyopita, sokoni Tandale, fundi seremala mmoja, vumbi la mbao bado limemjaa kichwani, alituchelewesha foleni nzima mbele ya meza ya samaki. Aliinua kibua, akafunua mashavu, akanusa, akamrudisha. Ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, hakumtaka hata kumwona: "Chumvi hii itamuua."

"Ndugu, una mgonjwa?" muuzaji akamwuliza kwa huruma.

"Ninaye. Tangu tuanze kula unga wa njano, manyoya yanamtoka. Paka wangu."

Foleni ikaangua kicheko. Fundi hakukasirika. "Panya wote wa karakana yetu pale Keko anawamaliza yeye. Mfanyakazi ale ugali mkavu kila siku, kazi itafanyika?" Akachagua vibua watatu wenye macho maangavu, akasema atawachemsha bila chumvi, awatoe miiba mmoja mmoja.

Kicheko kikakatika. Mama aliyekuwa nyuma yake akaomba wa fungu lile lile. Na mie pia, ninayeokotaga samaki wa juu na kwenda zangu.

Jioni wanangu walilamba vidole, wakasema leo baba amejua kuchagua. Sifa nilizipokea zote, paka sikumtaja.