Hoja ya Maji ya Kunawa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ukaguzi Musoma nilivaa viatu vya kuazima kwa shangazi, vikanibana hadi jioni. Nilikuwa binti wa wakulima wa Bugwema, nimetoka chuo, nikidhani nimekuja kukamata wezi. Mkaguzi Mkuu wa mkoa, mzee mpole aliyependa kuongea akiwa amesimama, alinirekebisha kabla sijakaa.

"Binti, wezi wana polisi wao. Sisi tunaangaliaga kitu kimoja. Sheria imesema kiwepo, je, kipo?"

Huo ndio ukaguzi wa uzingatiaji, na nimeufanya hadi nywele zikageuka mvi. Nilipelekwa Bunda nikakaa miaka mingi, nikahamishiwa Butiama, kisha nikarudishwa Musoma nikiwa kiongozi wa timu. Ukikuta pengo unaandika hoja, yaani swali rasmi ambalo taasisi lazima ilijibu kwa maandishi na ushahidi. Isipojibiwa inabaki wazi, na mwaka unaofuata unarudi kuihakiki. Kurudi huko ndiko kunakochosha. Unaingia mlango uleule, unapewa soda ileile, unaambiwa suala lipo kwenye mchakato.

Korona ilipoingia tukaongezewa kazi ya kuangalia taasisi za umma zinawalindaje watumishi na wananchi: maji, sabuni, barakoa, vyumba vya kutenga wagonjwa. Katika mzunguko huo nilifika kituo kimoja cha afya ambacho sitasema kilipo, maana wahusika wangalipo. Taarifa yao ilisema sehemu za kunawia zimekamilika. Kweli zilikuwepo, getini na mlangoni pa wodi, zimepakwa rangi ya bluu. Nikafungua koki ya kwanza, kavu. Nikafungua zote. Nilipozunguka nyuma nikakuta bomba limeishia kwenye udongo, halikuunganishwa na chochote.

Muuguzi wa zamu, Sista Veronika, alinifuata huko nyuma. Alikuwa amevaa barakoa ya kitenge aliyojishonea.

"Maji tunaletewaga na bodaboda," alisema. "Yakiisha asubuhi, ni mpaka kesho. Wewe andika, mama, ila mimi usiniweke. Bado mgeni hapa."

Nilimwelewa. Nikamwita mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, tukazunguka pamoja, nikazifungua koki tena mbele yake na kupiga picha, ili hoja isimame kwa macho yetu wenyewe bila kumtegemea muuguzi.

Kila ukaguzi huisha kwa kikao, ambapo taasisi inasomewa yaliyoonekana. Mkuu wa taasisi iliyosimamia kituo kile alinisikiliza huku akichezea kalamu.

"Mama, tuliagizwa kujenga sehemu za kunawia, tumejenga. Maji ni ya idara nyingine. Hiyo hoja iondoe, itatuchafua bure."

"Watu wananawa na nini?"

"Hilo ni suala la kiufundi."

Kabla sijafika Musoma alikuwa ameshampigia bosi wangu. Bosi wa wakati huo alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, asiye na maneno mengi.

"Umeona mwenyewe, mama?"

"Nimeona."

"Basi inabaki."

Ilibaki. Majibu yalikuja kwa kuvutana, barua kwa barua. Mwaka uliofuata nilirudi kuhakiki, nikafungua koki ya getini, maji yakatoka kwa nguvu yakanilowesha sketi. Nilicheka peke yangu. Nikamuuliza mganga mfawidhi zamu ya Sista Veronika ni ipi, nimsalimie.

Alitazama chini. "Alitutoka, mama, kabla hawajaunganisha. Changamoto ya kupumua."

Ndivyo tulivyokuwa tunaiitaga korona miaka ile. Hakuna awezaye kusema aliupatia wapi ugonjwa, na mimi sisemi. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa nikaandika kwamba hoja imetekelezwa na imefungwa. Kila neno lilikuwa kweli.

Jumapili moja nilikwenda kwao Sista Veronika, kijiji cha kando ya ziwa. Mama yake alikuwa anaanika dagaa. Nikajitambulisha, nikampa pole, nikamweleza kazi niliyokuwa nimeifanya kituoni kwa mwanawe.

"Kwa hiyo sasa maji yanatoka?"

"Yanatoka, mama."

"Yalichelewa," alisema bila hasira, kisha akaniletea kiti, akasonga ugali tukala.

Sasa nimestaafu, naishi Nyasura, na magoti yanauma kila nikisimama. Wakaguzi vijana hunipigia simu wakitaka kujua namna ya kuandika hoja isiyopingika, ushahidi upi unatosha, mkuu wa taasisi akikasirika afanyweje. Nawajibu yote. Mwisho nawauliza, wakati hoja hiyo inasubiri majibu, ni nani yuko zamu pale leo.